Bakteria wa Ituri na Mnyauko wa Pamba ya Ziwa

Ukitaka kujua kama mpamba umekufa kwa kiu au kwa mnyauko fusari, ung'oe, kisha uchane shina lake kwa kisu kuanzia karibu na mzizi. Mpamba uliokufa kwa kiu huwa mweupe ndani. Wenye mnyauko una mistari ya kahawia inayopanda kutoka mizizini ikifuata mishipa ya kupitishia maji. Ndani ya mishipa hiyo kuvu imeweka makazi, na maji hayapiti tena. Majani huanza kugeuka manjano pembeni, hulegea mchana wa jua kali, huinuka kidogo usiku, na asubuhi moja hayainuki.

Ugonjwa huo ulithibitishwa kwenye pamba ya Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950, na haukuchagua wakati mwema. Pamba ndiyo iliyokuwa fedha ya Usukuma na visiwa vyake. Ndiyo iliyolipa kodi na ada, ikanunua baiskeli na mabati. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Mkulima alikuwa amechoka kupunjwa kwenye mizani ya mnunuzi. Sasa alitaka mizani iwe yake. Kisiwani Ukerewe nako pamba ililimwa sambamba na mihogo, viazi vitamu na mpunga. Na hapo ndipo kuvu iitwayo Fusarium oxysporum, ya aina inayoshambulia pamba, ilipojitokeza. Huishi ardhini miaka mingi hata pasipo pamba, ikingoja. Hushamiri zaidi kwenye udongo mwepesi wa kichanga, kama ule ulio mwingi kandokando ya ziwa, kwa sababu humo pia wamo minyoo fundo, ambao hutoboa mizizi na kuifungulia kuvu mlango.

Kazi ya kuukabili iliangukia Ukiriguru. Kituo hiki cha utafiti, kilicho kama kilomita 30 kusini mwa Mwanza katika wilaya ya Misungwi ya leo, kilianza kushughulikia mbegu za pamba katika miaka ya 1930, na herufi mbili za mwanzo wa jina lake ndizo zilizobaki kwenye mbegu zilizosambazwa kanda nzima: UK77, UK82, UK91, hadi UK08 ya mwaka 2008. Uvumilivu wa mnyauko ukawa miongoni mwa sifa ambazo wataalamu walizitafuta kwa kuchagua mimea na kuizalisha, msimu hadi msimu.

Dawa ya kunyunyiza haikuwa na msaada. Kuvu iliyojificha ndani ya shina haifikiwi na bomba la mgongoni, na ile iliyo ardhini ingehitaji dawa ya kulowesha eka nzima. Kibaya zaidi, mwaka 1964 G. M. Wickens, mtaalamu wa magonjwa ya pamba, alichapisha makala fupi akionyesha kwamba ganda la mbegu lenyewe linaweza kuibeba kuvu hiyo hadi shamba jipya. Mkulima aliyefuata mbegu kwa furaha mwezi wa Novemba angeweza kuondoka na ugonjwa ndani ya gunia lilelile. Ganda hilo la mbegu tulikumbuke, maana litarudi kwenye habari hii likiwa na kazi nyingine kabisa.

Jambo la kuchekesha katika historia ni kwamba jibu la aina nyingine lilikuwa limeshachotwa ardhini, si mbali. Chukua ramani, weka rula kutoka Nansio, mji wa Ukerewe, kwenda kaskazini magharibi, vuka ziwa, vuka pembe ya Uganda: baada ya kama kilomita 500 unafika Bunia, katika Ituri, Kongo ya mashariki. Watu wa huko nao huongea Kiswahili sokoni, na wakati ule walikuwa chini ya Wabelgiji.

Zama hizo zilikuwa zama za kuchimba udongo kutafuta dawa. Penisilini ilikuwa imeokoa askari vitani. Streptomisini, iliyopatikana mwaka 1943 kutoka kwa kiumbe wa udongoni, ilikuwa imeanza kutibu kifua kikuu. Maabara za Ulaya na Marekani zilipokea vifuko vya udongo kutoka kila pembe ya dunia: makaburini, bustanini, misituni, mashambani. Kifuko kimoja cha udongo wa Ituri kilikuwa na bakteria wa jamii ya Bacillus subtilis, na mwaka 1950 Mbelgiji L. Delcambe alitangaza kwamba bakteria huyo anatoa kitu kinachoua kuvu. Alikiita iturini, kwa jina la mahali ulikotoka udongo. Mwaka 1957 Delcambe aliandika juu yake kwa kirefu zaidi pamoja na R. Devignat, wakikitambulisha waziwazi kuwa kiuavijasumu chenye asili ya Kongo.

Huyu Devignat anastahili sentensi mbili zake mwenyewe, kwa sababu wasomaji wa kilimo hawamjui na wasomaji wa tiba wanamjua kwa jambo lingine. Alikuwa mtu wa tauni: mwaka 1951 alipendekeza kuwagawa bakteria wa tauni katika makundi matatu, Antiqua, Medievalis na Orientalis, na majina hayo bado yamo vitabuni.

Iturini haikuwa ya kwanza ya aina yake. Marekani walikuwa wameshaeleza basilomisini mwaka 1948 na maikosubtilini mwaka 1949, zote zikitoka kwa ndugu wa bakteria huyohuyo. Lakini mwaka 1950 ulileta mshindani aliyeifunika. Wanawake wawili wa maabara ya afya ya jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walikuwa wakitumiana sampuli kwa posta, mmoja akiwa New York mjini na mwenzake Albany. Kutoka kwenye udongo wa shamba moja la ng'ombe huko Virginia walipata nistatini, nayo ikaitwa kwa jina la jimbo lao. Nistatini ipo hadi leo kwenye maduka ya dawa ya Mwanza, ile ya matone ambayo mama hupewa mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni. Mrabaha wake ulizidi dola milioni 13, na Hazen na Brown wakauelekeza wote kwenye utafiti wa wengine. Ituri haikupata mrabaha wowote. Ilipata jina kwenye karatasi.

Tuangalie iturini inavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu.

Katika maabara hutengenezwa sahani ndogo ya duara yenye rojo ya agari. Upande mmoja hupandwa kuvu, upande wa pili huchorwa mstari wa bakteria. Siku za kwanza kuvu hutanuka kama kawaida, nyuzi zake nyeupe zikitambaa kuelekea kila upande. Kisha, kabla ya kuufikia mstari wa bakteria, zinasimama. Panabaki ukanda mtupu ambao hakuna uzi unaothubutu kuuvuka. Ukiziangalia nyuzi za mpakani kwa hadubini utaziona zimevimba vimba, nyingine zimepasuka, uhai wake umemwagika nje. Bakteria hawakuigusa kuvu. Walichokituma kilipita ndani ya agari kikiwatangulia.

Kitu hicho kilichukua muda kueleweka. Katika miaka ya 1970 wanakemia wa Lyon, Françoise Peypoux, Françoise Besson na Georges Michel, pamoja na Delcambe yuleyule, ndio waliochora umbo lake: asidi amino saba zilizofungwa duara, na kutoka kwenye duara hilo mkia mrefu wa mafuta. Upande mmoja unapenda maji, wa pili unayakimbia. Molekuli ya namna hiyo hujipenyeza kwenye utando wa seli bila shida, na utando wa kuvu una egosteroli, mafuta ambayo iturini huyapata na kushikamana nayo. Molekuli zikikusanyika hutengeneza tundu, na chumvi za ndani ya seli zinavuja. Bahati mbaya, utando wa chembe nyekundu za damu yetu nao hautofautiani sana. Iturini huutoboa pia. Ndiyo maana ilijaribiwa kwa fangasi wa ngozi lakini haikufaa kuwa dawa ya sindano, na hospitalini ikabaki nyuma ya nistatini na ndugu zake.

Kwa hiyo iturini ikarudi shambani, ambako kwa kweli haikuwahi kutoka. Bacillus haitoi sumu hii ili kumsaidia mwanadamu. Mzizi wa mmea huvujisha sukari na asidi nyingi kwenye udongo unaouzunguka, na viumbe wadogo hujazana hapo kama abiria wanaosubiri kivuko cha Rugezi siku ya gulio. Anayeshika nafasi ya karibu na mzizi hula kwanza. Bacillus hujitandaza juu ya mzizi kama utando wa ute, kisha hutoa silaha zake: iturini ya kutoboa utando wa kuvu, fenjisini, iliyoelezwa na Wajerumani mwaka 1986, inayodhibiti hasa kuvu zenye nyuzi, na safaktini, iliyopatikana Japani mwaka 1968, ambayo ni kama sabuni kali na humsaidia bakteria kutambaa. Mmea unafaidika kwa sababu adui wa bakteria huyo ndiye adui wake.

Waliolichukua jambo hili mapema kwa ajili ya mazao ni Waaustralia. Mwaka 1971 P. Broadbent na wenzake walitangaza bakteria kadhaa kutoka udongo wa nchi yao waliopinga kuvu za mizizini. Mmoja wao, aliyepewa namba A13, alikutwa juu ya mzoga: nyuzi za kuvu ya Sclerotium rolfsii zilizokuwa zimekwisha kuyeyuka. Mpelelezi yeyote angemshuku huyo kwanza. A13 alivuka bahari hadi kusini mwa Marekani, akatumika kwenye karanga katika miaka ya 1980, na mzao wake aliyeitwa GB03 akaingia sokoni katika miaka ya 1990 kwa jina la Kodiak. Zao lililomkubali zaidi lilikuwa pamba. Vijimbegu vya bakteria vilipakwa juu ya mbegu kiwandani, na mbegu ilipoota, bakteria aliamka, akaufuata mzizi mchanga ukishuka ardhini, akitoa iturini njiani dhidi ya kuvu za Rhizoctonia na Fusarium.

Hapo ndipo ganda la mbegu linaporudi. Ganda lilelile ambalo mwaka 1964 lilishitakiwa kwa kusafirisha mnyauko lilikuwa sasa linasafirisha mlinzi. Lakini lilifanya hivyo Alabama na Mississippi. Ukiriguru iliendelea na njia yake ya kuzalisha mbegu vumilivu, njia iliyoendana na kipato cha mkulima wa Magu na Kwimba, kwa kuwa mbegu vumilivu haimdai mkulima chochote cha ziada msimu unapoanza. Anayewalaumu wataalamu wa Ukiriguru kwa kutokimbilia bakteria hajui bajeti zao zilikuwaje.

Japani walikwenda kwa undani zaidi. Makoto Shoda na wenzake wa Tokyo walipata aina za Bacillus kwenye mboji, mojawapo ikiitwa RB14, wakaijaribu kwenye miche ya nyanya. Swali lao lilikuwa gumu kuliko lile la sahani ya agari: je, ni iturini kweli inayoilinda miche, au ni kitu kingine ambacho bakteria anafanya? Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1996, O. Asaka na Shoda walitumia bakteria aliyepotezewa uwezo wa kutoa iturini na safaktini. Kinga ikashuka. Wakamrudishia jeni iliyokuwa imeharibika, na kinga ikarejea. Zaidi ya hapo, waliikuta iturini yenyewe ndani ya udongo wa vyungu, si kwenye chupa ya maabara tu. Mwaka 2001 kundi hilo likatoa ramani ya jeni nne zinazoijenga. Mwaka 2007 Wajerumani wakasoma jenomu nzima ya aina nyingine, FZB42, na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 8 ya maelekezo yake yote ni ya kutengeneza viuavijasumu. Kiumbe mdogo namna ile kutenga sehemu hiyo ya mali yake kwa silaha, maana yake udongoni hakuna amani.

Fedha zilifuata. Mwaka 1995, kwenye bustani ya mipichi huko Fresno, California, kampuni changa ya AgraQuest ilipata aina iliyoitwa QST 713, yenye iturini, fenjisini na safaktini kwa pamoja, ikaiuza kwa jina la Serenade. Mwaka 2012 Bayer iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 425, mbali na malipo ya baadaye. Familia ya kemikali iliyobeba jina la Ituri kwenye kila kitabu cha mikrobiolojia ilikuwa sasa mali ya biashara ya California na Ujerumani, na kisheria hapakuwa na kosa: bakteria wa Fresno ni wa Fresno. Hata hivyo Afrika Mashariki ilikuwa imeshapata somo lake katika jambo linalofanana. Vijidudu vilivyochukuliwa kwenye maji ya moto ya Ziwa Bogoria, Kenya, mwaka 1992 viliishia kwenye vimeng'enya vya kufubaza jinzi, na Kenya ikalalamika. Itifaki ya Nagoya, iliyokubaliwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inataka anayechukua kiumbe cha nchi kwa ajili ya faida aombe ruhusa na kukubaliana mgawo. Udongo wa Ituri ulichukuliwa zaidi ya miaka 60 kabla.

Sasa turudi visiwani.

Kaskazini ya Nansio, ng'ambo ya mkondo wa maji, kipo kisiwa cha Ukara. Mwaka 1936 maofisa kilimo D. Thornton na N. V. Rounce walichapisha maelezo ya kilimo cha Wakara, na wataalamu waliokuja baada yao hawakuacha kushangaa. Kisiwa kilikuwa kimejaa watu, ardhi ni ya mchanga wa mawe ya matale, na bado shamba lililimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Siri ilikuwa kazi. Ng'ombe walifungwa ndani, wakaletewa majani, samadi yao ikakusanywa shimoni na kubebwa kichwani hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, kisha wakaufukia ungali mbichi kuwa mbolea. Njugu mawe zilipokezana na nafaka. Wakara hawakuwa wakifikiria bakteria. Walikuwa wakiulisha udongo. Lakini udongo uliolishwa samadi na majani mabichi ndio wenye viumbe wengi wadogo, na RB14 wa Shoda alitoka kwenye mboji, si kwenye mchanga mtupu.

Leo pamba si zao kuu la Ukerewe tena, na kuvu zimehamia kwa wengine. Anayelima nyanya kandokando ya ziwa humjua kinyausi kuliko fusari. Kitalu kinaota vizuri, kijani kibichi, na siku ya tano au ya sita shingo ya mche inakonda pale inapogusa udongo, inakuwa laini kama imechemshwa, na mche unalala chini majani yakiwa bado mazima. Kesho yake wanalala jirani zake, duara linapanuka. Wengi hukimbilia duka la pembejeo kuulizia dawa ya ukungu na kupewa mankozebu, ambayo hukinga majani lakini haiponyi mche ulioozea shingoni.

Dawa za bakteria zina faida moja kubwa kwa mazingira ya namna hii. Bacillus hutengeneza vijimbegu vigumu vinavyostahimili joto na ukavu, kwa hiyo pakiti yake inaweza kukaa kwenye rafu ya duka lisilo na jokofu. Pseudomonas, bakteria wengine mashuhuri wa mizizini ambao huua kuvu kwa kemikali tofauti, hawana vijimbegu hivyo na hufa upesi. Kasoro nazo zipo, tena si ndogo. Bakteria aliyeshinda kwenye sahani anaweza kushindwa shambani, kwa kuwa udongo wa mahali una wenyeji wake na hawampokei mgeni kwa urahisi. Tafiti nyingi za vyuo vyetu huishia kwenye picha ya sahani yenye ukanda mtupu, picha nzuri ya kuwekwa kwenye tasnifu, na haziendi shambani kwa misimu miwili au mitatu. Hilo ndilo pengo. Aina iliyozoea mchanga wa Ukara na jua la Ukerewe ina nafasi nzuri kuliko iliyozoea mipichi ya California, lakini haitajulikana mpaka itafutwe. TARI Ukiriguru, kituo kilekile cha utafiti, ina kumbukumbu ya miongo ya mnyauko, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimeshawahi kuzalisha chanjo ya bakteria wa mikunde, Nitrosua. Ujuzi wa kukuza bakteria na kuwafunga kwenye pakiti hapa nchini upo. Mashamba ya Ukara yaliyotiwa samadi kizazi baada ya kizazi ndiyo yangefaa kuchotwa udongo kwanza, na safari hii mwenye shamba awe na jina lake kwenye mkataba.

Wakati hilo likisubiriwa, mkulima wa Nansio anayeuziwa pakiti ya bakteria asome lebo kabla ya kutoa fedha: jina kamili la bakteria na namba ya aina yake, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya viuatilifu nchini. Asichanganye pakiti hiyo na dawa nyingine bila kuuliza. Na amwagilie kitalu dawa hiyo siku ya kusia mbegu, si siku miche inapoanza kulala.